Chembe za chuma kwenye oili ya Fuso: kabla hujafungua injini fungua filta

Safari hii nimejaza ukurasa na barua za oili tupu, maana zimekuja nyingi na karibu zote zinatoka huku huku kwetu, kuanzia Karatu mpaka Himo. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ina kila kitu ndani yake, hizo nyingine ni fupi.

SWALI: Fundi shikamoo. Nina Fuso Fighter injini 6D16, kazi yake ni kubeba vitunguu kutoka Mang'ola kuleta soko la Kilombero hapa Arusha, mara moja moja inafika Namanga. Juzi dereva kaileta gereji kumwaga oili, kijana anayemwaga akaniita bosi njoo uone, nikachungulia kwenye beseni nikaona oili inameremeta, ukiigusa kuna vitu kama vumbi la fedha na vingine vina rangi ya shaba, vingine vikubwa kiasi kwamba unavishika kwa kucha. Fundi wa pale akasema hii injini imekufa ni ovaholi tu, nikaenda kwa mwingine kule Unga Limited yeye akacheka akasema weka oili namba 50 na kopo moja la dawa utamaliza msimu, sasa nimebaki njia panda. Dereva anasema asubuhi geji ya oili inapanda vizuri ila gari ikishapanda mlima wa Rhotia na mzigo ikawa ya moto, ukisimama kwenye sailensa (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta) mshale unalala chini kabisa, na ukiachia mafuta kuna mlio ko ko ko ambao ukikanyaga unapotea. Oili mpya ilishawekwa lakini gari haijawashwa, iko nyumbani. Hela ya kufungua injini nzima kwa sasa sina na vitunguu viko shambani, nianzie wapi? Msomaji, Kisongo, Arusha.

JIBU: Marahaba kaka. Umefanya vizuri kuipaki na iendelee kupaki hivyo hivyo, hata ile ya kuwasha kidogo tu tusikilize mlio achana nayo, maana kila ukiwasha zile chembe zinazunguka tena na oili na kila zinapopita zinakwaruza kitu ambacho jana kilikuwa kizima. Hao mafundi wawili wote wamekujibu kabla ya kuangalia. Wa kwanza inawezekana mwisho wa siku ukakuta alikuwa sahihi lakini kwa sasa anabahatisha. Wa pili ndo ananikera zaidi, maana yeye anakuuzia wiki mbili kwa bei ya krenkshafti, ile shafti kubwa inayozungushwa na pistoni.

Ngoja nimalizane na hiyo oili namba 50 kwanza. Presha unayoiona kwenye geji inatokana na pampu kusukuma oili ipite kwenye nafasi nyembamba kati ya beringi na krenkshafti. Beringi ikilika nafasi inapanuka, oili inatoka kirahisi, mshale unalala, hasa oili ikiwa ya moto na nyepesi. Ukiweka oili nzito inatoka kwa shida, mshale unapanda, unafurahi, lakini beringi iko vile vile imelika na chembe ziko vile vile ndani. Na asubuhi ya baridi ya Arusha mwezi wa sita wa saba hiyo oili nzito inachelewa kufika juu kwenye kemshafti na tapeti (zile zinazofungua vali), kwa hiyo unalinda geji unaua injini. Dawa ya kopo nayo wengi wao kazi yake ni ile ile ya kuongeza uzito. Hizi injini za dizeli za zamani kwa hali ya hewa yetu 15W-40 nzuri inatosha, na kama haitoshi basi tatizo sio oili.

Sasa twende kwenye kazi. Hakuna chuma kinachozaliwa kwenye oili, kila chembe ina kwao, na ndani ya injini kila sehemu ina chuma cha aina yake. Ila kabla ya chembe za kwenye beseni mimi nakuuliza filta ya zamani iko wapi? Maana naona umeongelea oili tu. Beseni linaonyesha vilivyokuwa vimelala chini ya sampu (lile bakuli la oili chini ya injini) siku ile, filta imeshika vilivyopita tangu sevisi iliyopita, yaani ile ndo shahidi wako mkubwa na watu wanaitupa kwenye pipa. Rudi pale gereji leo leo uidai, hata kama iko kwenye takataka, wewe itafute tu.

Ukiipata, kama ni ile ya kopo lililofungwa usiikate kwa msumeno wa chuma, utamwagia unga wa msumeno ndani halafu utaanza kuhangaika na chembe ulizozitengeneza mwenyewe. Tafuta kifaa cha kukatia filta, kama hakuna toboa kwa patasi pale karibu na mdomo halafu zungusha mkasi wa bati. Toa lile karatasi, likate kwa wembe juu na chini, libane kwenye vaisi taratibu oili ikamuke, halafu likunjue kwenye kitambaa cheupe juani. Lile karatasi ni refu kweli kweli likikunjuliwa, pitia kila mkunjo. Kila rangi utakayoiona pale iandike. Chembe zilizobaki zisuuze na mafuta ya taa kwenye sahani ya bati.

Ile oili mpya nayo imwage kwenye ndoo safi na uipitishe kwenye kitambaa, maana lazima imekutana na masalia yaliyokuwa chini ya sampu. Najua inauma kumwaga oili ambayo haijatembea hata mita moja, ila usiirudishe kwenye injini.

Halafu sumaku. Sumaku ya spika mbovu ya redio inatosha kabisa, izungushie nailoni ili ukimaliza uigeuze nailoni na chembe zitoke zote, maana zikishikana na sumaku yenyewe hutazitoa mpaka kesho. Zinazokamatwa na sumaku ni chuma: ringi za pistoni, slivu (ala ya silinda ambamo pistoni inapanda na kushuka), krenkshafti, kemshafti, tapeti, gia za taiming na gia za pampu ya oili. Hapo angalia umbo. Unga mwembamba mweusi ni wa kawaida, nitaueleza kwenye barua ya mama wa Moshi hapo chini. Magamba bapa yanayong'aa upande mmoja mara nyingi ni uso wa kemshafti au tapeti au gia umechoka na kubanduka. Sindano nyembamba zinaweza kuwa za beringi za gololi au roli, kwa hiyo kama compressor ya upepo ya breki inalainishwa na oili ya injini usiisahau, kwenye malori mengi oili inaenda kule inarudi kwenye sampu ile ile, na ikianza kufa inaleta uchafu wake kwenye injini na lawama zote zinaenda kwa injini. Kipande kinene chenye kona, hicho ni kitu kimevunjika na hapo hakuna mjadala tena.

Zinazokataa sumaku ndo zenye habari yako wewe, kwa sababu umetaja rangi ya shaba. Beringi nyingi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenkshafti) na za krenkshafti za malori ya dizeli zimejengwa kwa tabaka. Mgongo ni chuma, juu yake kuna mchanganyiko wa shaba na risasi, na juu kabisa kuna ngozi nyembamba laini ya kijivu ya risasi na bati, unene wake kama mikroni 20 tu, yaani sehemu ya 50 ya milimita. Hiyo ngozi ndo inayoteleza na krenkshafti. Ukiona vumbi la fedha laini ambalo ukilikandamiza kwa kisu linasambaa badala ya kuvunjika, hiyo ni ngozi ya juu inaondoka. Ukianza kuona shaba maana yake ngozi imeisha na sasa inaliwa tabaka la kati. Wewe umeona vyote viwili.

Ila usirukie hapo hapo. Shaba inaweza pia kutoka kwenye bushi ya juu ya konrodi inayoshika pini ya pistoni, na kama hiyo 6D16 yako ni ya turbo basi bushi za turbo nazo ni za brasi, kwa hiyo shika shafti ya turbo itikise kama ina mchezo. Na fedha inaweza kuwa aluminiamu ya pistoni, tena kuna beringi zingine zimetengenezwa kwa aluminiamu na bati. Kutofautisha aluminiamu na risasi ni rahisi: nenda kwa kina mama wanaopika sabuni uombe kostiki soda kidogo sana, iyeyushe kwenye maji ndani ya glasi, weka chembe zilizooshwa vizuri zisiwe na oili. Aluminiamu itatoa mapovu madogo madogo, risasi na bati zitatulia tu. Vaa glovu na miwani, kostiki inakula jicho, na fanyia nje mbali na moto kwa sababu yale mapovu ni hewa inayowaka. Usipotaka kostiki nenda kwa fundi redio, achomeke chembe na kile chuma chake cha kusoda: bati na risasi vitayeyuka, aluminiamu haitajali kabisa maana inayeyuka kwenye nyuzi 660 na kile chuma hakifiki huko.

Watu wananiuliza kwa nini tusipeleke oili maabara ipimwe. Kupima ni kuzuri, wenye mitambo ya migodini wanafanya kila sevisi na wanafuatilia namba zinavyopanda, lakini kipimo kile cha kawaida kinasoma vumbi dogo mno, chembe za mikroni chache tu. Chembe unayoweza kuishika kwa kucha kipimo hakiioni vizuri, unaweza ukaletewa majibu mazuri kabisa na injini inakufa. Ukishaona kwa macho filta inakuambia zaidi ya maabara. Maabara nitaipenda kwako kwa kitu kimoja tu, kujua kama kuna vumbi la udongo kwenye oili, na hata hilo nitakuonyesha njia ya bure.

Kwa dalili zako, yaani shaba na kijivu, presha inalala ikiwa moto, mlio unatoka ukiachia mafuta, mimi nafikiria beringi za konrodi. Ukikanyaga, moto unasukuma pistoni chini na konrodi inakaa upande mmoja, ukiachia inabadilisha upande, na kama kuna nafasi ndo inagonga pale. Mlio wa beringi kubwa za krenkshafti unakuwa mzito zaidi na unausikia ukiwa unavuta mzigo. Geji ya dashibodi ya gari la miaka hiyo siiapii, lakini hapa geji na mlio na rangi vimekubaliana vyote vitatu.

Kwa hiyo usifungue injini nzima. Shusha sampu. Kwa malori mengi inashuka injini ikiwa garini, ni kazi ya siku moja na gasketi. Kabla hata hujaangalia beringi chungulia chujio la pampu ya oili, lile la mdomo wa bomba linalonyonya. Sitashangaa ukikuta limezibwa na mabaki ya gundi ya silikoni, mafundi wetu wanaipaka kwenye sampu kama siagi kwenye mkate, inajikamua kwa ndani, inakatika, inaenda kukaa kwenye chujio na injini inakosa oili. Halafu shika kila konrodi itikise. Mchezo kidogo wa kwenda kushoto na kulia kufuata krenkshafti ni wa kawaida, wa juu na chini haukubaliki hata kidogo. Ile yenye mchezo ndo ifunguliwe kepu kwanza, na kila kepu iwekwe alama ya namba na upande wake, zikichanganywa hapo umeharibu konrodi nzima nzima.

Beringi ikishatoka isome kabla ya kuitupa. Ikiwa kijivu sawasawa ni nzima. Mistari mirefu ya kukwaruzwa na vidoti vya uchafu vilivyozama ni vumbi. Uso uliopakazika kama umeyeyuka ni kukosa oili. Vishimo na vipande vilivyobanduka katikati ni uchovu wa kubebeshwa mzigo. Nyeusi yenye kuliwa liwa, fikiria maji ya rejeta kuingia kwenye oili. Halafu pitisha kucha kwenye shingo ya krenkshafti, pale beringi inapokaa: ikikwama krenk inaenda kuchongwa, isipokwama bado ipimwe kwa maikromita kama ni duara na haijapungua upande mmoja. Ukiwa na bahati shingo zikawa nzima unabadilisha seti ya beringi za saizi ile ile na unafunga kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), basi, hiyo sio ovaholi. Zikiwa zimeumia krenk inatoka, inachongwa, unafunga beringi za teni au twenti, yaani nene zaidi za kufidia kilichochongwa, na hapo kweli injini inashuka. Na kama beringi moja imezunguka kwenye nyumba yake, konrodi hiyo usiiamini, ipimwe au ibadilishwe.

Sasa sehemu ambayo gereji nyingi wanairuka. Beringi haijiui. Ukifunga mpya bila kujua iliua nini utarudi kwangu na barua ile ile. Wewe unatembea vumbi la Mang'ola, kwa hiyo fungua bomba linalotoka eya klina kwenda kwenye injini, upande ule ambao unatakiwa uwe msafi, pitisha kidole ndani. Ukitoka na vumbi injini yako imekuwa inavuta udongo, na udongo ule unapita kwenye ringi unaingia kwenye oili. Tafuta bomba lililopasuka, klipu iliyolegea, au filta ya hewa iliyotoboka, na mwambie tandiboi aache kuigonga kwenye tairi, karatasi linapasuka kwa ndani halionekani. Hii ndo ile njia ya bure niliyokuahidi.

Cheki pia kama kiwango cha oili kilikuwa kinapanda chenyewe kwenye stiki bila kuongezwa na inanuka dizeli, hiyo ni nozo (kinachopuliza dizeli kwenye silinda) au pampu inavujisha na oili imekuwa maji. Uliza pia sevisi ya mwisho ilifanyika lini kweli, sio lini umeambiwa ilifanyika. Filta ikijaa kuna vali inafunguka ili injini isikose oili kabisa, na kuanzia hapo oili chafu inapita pembeni bila kuchujwa inaenda moja kwa moja kwenye beringi, geji haisemi kitu.

Na dereva wako muulize anapandaje Rhotia. Wapo wanaong'ang'ania gia kubwa, injini inazunguka polepole inanguruma wao wamekanyaga mpaka sakafuni, wanasema wanaokoa mafuta. Mzungushano mdogo na mzigo mkubwa ndo unaobana beringi za konrodi vibaya zaidi, oili inashindwa kuweka utando. Ashushe gia mapema.

Ukifika kufunga, oili kula, yaani kipoza oili, ndo adui. Zile njia zake nyembamba ndani zinaficha chembe na ukiiosha juu juu zinatoka kilomita za kwanza tu zinakula beringi mpya. Mimi ningebadilisha, kama hela haipo basi isafishwe kwa kusukumwa mafuta ya taa na upepo kutoka upande wa kutokea kurudi wa kuingilia, tena na tena mpaka kitambaa kitoke cheupe. Njia za oili kwenye bloku zisafishwe vivyo hivyo. Kabla ya kuwasha jaza filta oili, zima mafuta, piga stata kwa vipande vifupi mpaka mshale uinuke, ndo uwashe. Endesha kidogo bila mzigo, mwaga ile oili, kata filta tena uione.

Vitunguu kodishia gari nyingine msimu huu kaka. Konrodi ikitoboa bloku pale kwenye mlima hutakuwa na beringi ya kununua, utakuwa unatafuta injini.

SWALI: Fundi shikamoo, mimi ni mama nina Canter inashusha ndizi kutoka Rombo kuleta Moshi mjini. Kijana wangu amefungua natu ya sampu akakuta ina sumaku na imeshika tope jeusi, fundi jirani ananitisha kwamba injini inakwisha nianze kuweka hela. Oili yenyewe ni nyeusi tii na imewekwa mwezi uliopita tu. Msomaji, Majengo, Moshi.

JIBU: Mama marahaba, lala usingizi. Ile sumaku imewekwa pale makusudi ishike chuma, ingekuwa haina kitu ndo ningeuliza. Chukua lile tope lisugue katikati ya vidole viwili. Likiwa laini kama grisi hakuna shida, ni unga wa kawaida wa ringi na slivu umechanganyika na masizi. Ukihisi mchanga au kitu kinachochoma kidole, hapo nitumie picha. Futa natu kwa kitambaa, kitambaa kiandike tarehe ukiweke, sevisi ijayo linganisha. Likiongezeka sana kwa kilomita zile zile ndo tuongee. Na weusi wa oili kwenye dizeli ni masizi, inakuwa nyeusi ndani ya siku chache na inatakiwa iwe hivyo, ina maana inaosha. Weusi sio kipimo. Ikiwa na rangi ya maziwa ndo usiwashe.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi dereva, gari ya bosi imetoka ovaholi juzi, kwenye oili ya kwanza tumekuta chembe chembe. Bosi anataka kumpeleka fundi polisi. Alafu kuna mlio, nataka nilegeze natu za mabomba ya nozo moja moja nijue silinda ipi inagonga kama tulivyokuwa tunafanya zamani, gari ni mpya mpya ya komon reli. Msomaji, Himo.

JIBU: Salama kaka. Nianze na la pili kwa sababu ni la uhai wako: kwenye komon reli, yaani dizeli ya kisasa ambayo bomba moja la presha kubwa linalisha nozo zote, USIGUSE hizo natu injini ikiwa inaunguruma. Kwenye pampu za zamani sawa, ulikuwa unalegeza, silinda inakufa, mlio ukipungua umeijua. Reli ya kisasa inashika presha ya zaidi ya bar 1,000, dizeli inayotoka pale inapenya ngozi kama sindano, na ikishaingia mkononi haionekani mbaya siku ya kwanza, unaona kidoti tu, baadae mkono unaoza. Ikikutokea nenda hospitali saa hiyo hiyo usingoje maumivu na uwaambie ni mafuta ya presha. Kwenye gari hiyo tumia mashine ya kudayagnozi, inazima nozo moja moja yenyewe.

Kuhusu fundi, mwambie bosi ashushe hasira kwanza. Injini mpya inatoa unga kidogo ringi zinapokaa kwenye slivu, ndo maana oili ya kwanza inamwagwa mapema pamoja na filta. Ila mkikuta nyuzi zilizojikunja kama za kwenye mashine ya kuchonga, hizo zilitoka kwa wachonga krenk au bloku na hazikuoshwa, hapo fundi ana kesi ya kuosha vibaya. Mkikuta rangi ya shaba kwenye injini ya wiki moja, na mlio unao, zimeni na mshushe sampu mbele yake, wote mkiwepo.

SWALI: Mkuu, oili ya gia boksi ya Canter yangu imetoka na unga wa dhahabu mtupu, injini nayo ndo hivyo hivyo inakufa? Msomaji, Boma Ng'ombe.

JIBU: Hapana mkuu, oili ya gia boksi haikutani na ya injini. Kwenye gia boksi kuna zile pete za singronaiza, nyingi ni za brasi, kazi yake ni kusuguana ili gia ziingie bila kulia, kwa hiyo unga wa dhahabu kidogo pale ni halali yake. Oili yenyewe imebadilishwa lini mara ya mwisho? Wengi hawajawahi kabisa. Weka mpya ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, sio yoyote nzito, maana ikiwa nzito kupita kiasi hizo pete zinateleza na gia zinakwaruza asubuhi. Ukianza kuona magamba ya chuma yanayokamata sumaku, hayo ni meno ya gia au beringi. Kama ni gia ya pili tu inayokwaruza unaposhusha, anzia na pete ya gia hiyo.